Kabla ya React au Svelte, nionyeshe simu ya mtumiaji

Vijana wanaoanza kutengeneza tovuti huniuliza: nijifunze React, Vue au Angular? Hizo, pamoja na Svelte, ni zana za kujengea kurasa za tovuti. Mimi nauliza kwanza: atakayeifungua ana simu gani?

Kazi niliyonayo sasa ni ya SACCOS moja ya Morogoro. Wanachama wengi wanalima mboga huko milimani Mgeta. Wanataka kuona akiba yao, kujua deni limebaki kiasi gani na kuomba mkopo. Simu zao ni Android za bei nafuu, bando ni la siku.

Kwenye simu hizo JavaScript, lugha ya programu ambayo zana hizi huitumia ndani ya kivinjari, inagharimu mara mbili. Kuna bando la kuipakua, halafu kuna prosesa dhaifu inayopaswa kuisoma na kuitekeleza. Wengi wetu tunahesabu bando tu. Picha ya kilobaiti 100 haiisumbui simu sana. JavaScript ya kilobaiti 100 ikishafika, ndipo kazi inaanza. React pamoja na react-dom, hata zikibanwa, zinapita kilobaiti 40 kabla hujaandika mstari wako hata mmoja. Preact, ambayo uandishi wake unakaribiana sana na wa React, ni kama 4. Svelte ya Rich Harris, iliyotoka 2016, inafanya sehemu kubwa ya kazi wakati wa kujenga mradi, kwa hiyo kivinjari kinapokea mzigo mdogo. Mradi ukikua sana nafuu hiyo hupungua, ila wetu una kurasa chache.

Kilichokata shauri ni Opera Mini, kivinjari cha kuokoa bando. Ikiwa kwenye hali ya kubana data kupita kiasi, ukurasa unaandaliwa kwenye seva za Opera, na JavaScript haifanyi kazi kama kawaida. Fomu ya mkopo ikitegemea JavaScript, mwanachama atabonyeza kitufe na pasitokee kitu. Kwangu hilo halikubaliki, maana ni mkulima anayetafuta pesa ya mbegu msimu haujapita. SvelteKit, mfumo wa kujengea tovuti nzima kwa Svelte, inaniruhusu kuandika fomu ya HTML ya kawaida inayopokelewa na seva, kisha JavaScript ikiwepo inaiongezea wepesi. Tukachagua hiyo.

Mwenyekiti wa bodi aliuliza swali la haki kabisa: "Kijana wangu, ukiondoka nani ataendeleza?" Ni kweli, React iko huria tangu 2013 na wanaoijua ni rahisi kuwapata kuliko wa Svelte. Nilimjibu, mzee, hesabu zote za riba na marejesho ziko kwenye seva, hazimo kwenye kiolesura, yaani kurasa anazoziona mwanachama. AngularJS, yaani Angular ya kwanza, iliachwa mwisho wa 2021, Vue 2 mwisho wa 2023, na Svelte yenyewe ilibadili uandishi wake toleo la 5 lilipotoka 2024. Siku ya kuhama itafika tu. Ikifika, atakayekuja ataandika upya kurasa peke yake, bila kugusa daftari la mtu.

Mfumo wa ofisini tumeuacha kwenye Vue 3. Kompyuta za pale zina nguvu, na karani wa mikopo ameshauzoea.