Laptopu ya Ex-UK, SSD na Flashi Moja: Nilivyompatia Mpwa Wangu Kompyuta ya Chuo

Dada yangu alikuwa ameweka akiba ya shilingi 25,000 ya kompyuta ya mwanawe, aliyekuwa akianza masomo ya uhasibu pale Tudor, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Kijana alishaonyeshwa laptopu mpya dukani, nyembamba, bado imo kwenye nailoni yake, na bei yenyewe ilikuwa inaingia kwenye hizo hela. Nikaomba nisome maandishi ya kwenye boksi: prosesa ya Celeron, ram, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 4, hifadhi ya GB 64 ya eMMC, aina ya bei nafuu. Laptopu za aina hiyo, ram na hifadhi kwa kawaida huwa vimelehemiwa kwenye bodi. Ulichonunua siku ya kwanza ndicho utakachokaa nacho, na Windows ikishajipanga pamoja na masasisho yake, nafasi inayobaki haitoshi hata kazi za muhula.

Kwa pesa kama hiyo mimi hununua laptopu ya ofisi iliyotumika, tena bila kusitasita. ThinkPad za Lenovo, Latitude za Dell na EliteBook za HP zilitengenezwa kwa makampuni, zifunguliwe na fundi, zibadilishwe kibodi, betri na diski. Zile za Uingereza, ex-UK kama tunavyoziita, huja na plagi ya miguu mitatu ya bapa ambayo ndiyo ya soketi zetu, na utazitambua kwa alama ya pauni iliyo juu ya namba 3. Kuna sababu nyingine inayozishusha bei. Windows 11, kwa masharti yake rasmi, inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa upande wa Intel prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Huku nyuma, msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo mashine ya mwaka 2015, nzima kabisa, ofisi inaiona imepitwa na wakati. Sisi tunaotumia Linux, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, hapo ndipo tunapopata mali.

Nilikwenda naye kwenye maduka ya Moi Avenue nikiwa na flashi yangu mfukoni. Flashi hiyo ina Ventoy, programu ya bure inayokuwezesha kuweka mifumo kadhaa pamoja na kuchagua utakayowasha. Yangu ina Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux, Clonezilla ya kunakili diski na Memtest86+ ya kupima ram. Mint huwaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote kilichomo kwenye diski ya mashine, kwa hiyo muuzaji hana sababu ya kuogopa. Akikataa, mimi huaga na kwenda duka la pili.

Iliyotuvutia ilikuwa ThinkPad T450, Core i5 ya kizazi cha 5, ram ya GB 8 na diski ya kawaida ya GB 500. Bei ya kwanza 20,000.

"Naomba niipime kidogo, ndugu yangu."

"Pima tu, hiyo mali safi."

Nilianza na BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine inayofunguka kabla ya mfumo kuwaka, nikabonyeza F1 mara tu ilipotokea alama ya kampuni. Hapo ndipo wengi hawaangalii, na ndipo penye hatari kubwa kwa mashine zilizotoka ofisini. Ikikudai nenosiri la msimamizi, iache hapohapo, kwa kuwa kwenye ThinkPad nenosiri hilo haliondoki kwa kutoa betri. Hakikisha pia kwamba Computrace, ile programu ya kufuatilia kompyuta zilizoibwa, haijawashwa. Hii ilikuwa huru.

Nikarudi nikabonyeza F12, nikachagua flashi, Mint ikawaka. Nikajaribu kibodi herufi moja moja, matundu yote ya USB, spika, kamera na waifai. Nikafungua kioo na kukifunga polepole huku nikisikiliza bawaba. Kisha betri, ambazo kwa T450 ni mbili: moja ndani, moja ya kuchomoa kwa nyuma. Amri ya upower hukupa namba mbili za kila betri, uwezo iliyotoka nao kiwandani na uwezo iliyobaki nao leo. Ya ndani ilikuwa na wati-saa 19 kati ya 23. Ya nje ilikuwa na 11 kati ya 23. Nikamgeuzia muuzaji kioo asome mwenyewe. Hakubisha. Tukashuka hadi 17,500, na akaongeza chaja nyingine iliyo bora zaidi. Namba iliyo kwenye kioo hupunguza bei kuliko maneno matamu.

Pale pale kijana akaona flashi ya TB 2 kwa shilingi 1,500 akaitaka. Nilimzuia, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeona watu wakipoteza picha za harusi na kazi za miaka. Flashi za namna hiyo huwa na nafasi ndogo sana ndani, ila chipu yake imechezewa iiambie kompyuta kwamba ina TB 2. Ukishapita nafasi halisi, unachonakili kinapotea au kinaandikwa juu ya kile cha zamani. Majina ya mafaili utayaona yote, lakini hayafunguki. Kipimo kipo na ni cha bure: F3 kwa Linux, H2testw kwa Windows. Kinajaza flashi yote kisha kinasoma upya na kukuambia ukweli. Tukachukua ya GB 64 kwa shilingi 1,000, na nyumbani ikapita kipimo.

SSD ya GB 240, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, ilinigharimu 3,200. Kabla ya kufungua T450, ingia BIOS uzime betri ya ndani, kuna sehemu maalumu ya hilo, kisha utoe ya nje. Skrubu za chini hulegea bila kudondoka. Ndani kulikuwa na vumbi lililoganda kwenye feni, na hewa yetu ya chumvi haichelewi: nilisafisha miguu ya ram na brashi laini na spiriti safi kabla ya kuirudisha. Diski ya zamani ilikuwa ya kuzunguka, na kichwa chake lazima kisogee kutafuta kila kipande cha data; ndiyo maana kompyuta yenye prosesa nzuri inaweza kukawia vile. Baada ya SSD kuingia na Mint kusimikwa, kijana aliiwasha mwenyewe.

"Mjomba, mbona yawaka upesi hivi?"

Kwa uandishi na hesabu nilimwachia LibreOffice, nikaipanga ihifadhi kwa docx na xlsx kama wanavyotaka walimu. Jedwali tata wakati mwingine husogea ukilifungua kwenye Word, kwa hiyo kazi ya kukabidhi aitoe kwa PDF. Angekuwa anasoma uhandisi ningeuliza idara kwanza, maana AutoCAD haina toleo la Linux. Filamu na mihadhara, VLC. Kutuma mafaili kutoka kwa simu bila kula bando, LocalSend.

Ninayoipenda kuliko zote ni Kiwix. Inaweka Wikipedia nzima ndani ya kompyuta, isomwe bila intaneti. Ile ya Kiswahili haichukui nafasi kubwa. Ya Kiingereza nilichagua toleo lisilo na picha ili iingie kwenye SSD. Stima ikikatika na ruta ikazima, betri mbili zinaendelea na kijana anaendelea kusoma. Mwanafunzi asiye na bando kila siku anastahili kitu kama hiki, na natamani kila mzazi Mombasa akijue.

Kwenye pesa iliyobaki nilinunua ekstensheni yenye kinga ya mshtuko wa stima kwa 1,200, kwa sababu ya stima inayorudi kwa kishindo. Zimesalia 2,100. Mashine ina nafasi moja tupu ya ram, inachukua ram ya aina ya DDR3L, na nikipata kijiti cha GB 8 kwa bei hiyo nitakiweka. Betri ya nje itasubiri.