Kichwa kisichosafiri

Jumamosi, Igogo, Mwanza

Leo nimeamka saa kumi na nusu alfajiri, kabla ya adhana, ili nikisikie kichwa cha treni cha yadini kikiwashwa.

Sisi wa huku reli iko chini yetu, na nyuma ya reli ni ziwa. Saa ile upepo umelala na miamba imepoa, basi sauti inapanda mlima bila kupotea njiani. Unasikia mguno mfupi, kisha mwingine, kisha injini inashika na kukohoa mara tatu au nne. Moshi wake wa kwanza huwa mweupe. Gizani siuoni, lakini harufu inanifikia hapa kizingitini: ni dizeli ambayo haijaungua sawasawa kwa kuwa silinda bado ni za baridi. Baada ya robo saa harufu inaisha na mngurumo unatulia. Nimeandika kwenye daftari: saa 10:52, imewaka kwa jaribio la tatu. Nina madaftari manne ya namna hii.

Watu wa reli wanakiita kichwa cha sogeza. Kile kinachoondoka na abiria kuelekea Tabora, mwendo wa kilomita kama 380, ni kichwa cha njia kuu, na hicho kila mtu anakijua kwa sababu ndicho kinachompeleka kwao. Hiki cha sogeza hakimpeleki mtu popote. Kinapokea mabehewa yaliyofika, kinayatenganisha, kinayasukuma haya kwenye ghala na yale bandarini, kinayapanga upya yale yanayorudi, halafu kinajiondoa pembeni ili kichwa kikubwa kije kufungwa mbele ya kazi iliyokwisha kufanyika. Tangu nikiwa mtoto sijawahi kukiona kikivuka kona ya Mkuyuni kikaendelea.

Aliyenitia ugonjwa huu ni mjomba wangu, ambaye alikuwa muunga mabehewa. Kazi yake ilikuwa kusimama chini, bendera ya kijani mkono mmoja na nyekundu kwapani, kumwongoza dereva asiyeona mwisho wa msururu wake, kisha kuhakikisha viungio vimebana. Nilikuwa nampelekea chakula cha mchana. Siku moja nilisimama nikinyoosha kidole kuhesabu mabehewa, akanizuia.

"Mjomba, usihesabu kwa macho. Sikiliza." Ndivyo tulivyokuwa tukiitana, yeye na mimi.

Kichwa kilipoanza kuvuta, kishindo kilitoka mbele kikaja kinakimbia kuelekea nyuma, ngo, ngo, ngo, behewa baada ya behewa. Viungio huachiwa nafasi ndogo ya kucheza, kwa hiyo mabehewa hayaanzi kutembea yote kwa pamoja. La kwanza likikazwa ndipo linalivuta la pili, na la pili linalivuta la tatu. Vishindo kumi na moja ni mabehewa kumi na moja. Siku hiyo nilipatia, na hadi leo nikiwa kitandani nahesabu kwa vishindo. Na ile nafasi ndogo inakisaidia kichwa chenyewe: kuanza na mzigo mmoja mmoja ni rahisi kuliko kuung'oa msururu mzima kwa mkupuo.

Nguvu ya mashine hizi inawashangaza wanaozijua kwa maneno tu. Uingereza kuna aina moja inayoitwa Class 08. Zilijengwa 996 kati ya 1952 na 1962, kila moja ikiwa na injini ya nguvu za farasi 350. Kuna magari ya anasa barabarani yenye zaidi ya hizo! Lakini injini ile huzunguka mara 680 tu kwa dakika ikiwa imekazwa hadi mwisho, na nguvu yake yote inakwenda kwenye kusukuma. Mbio hazimo, kwani mwendo wake wa juu kabisa hauzidi ule wa baiskeli ya kijana mwenye haraka. Mpaka leo baadhi yake zinafanya kazi, zaidi ya miaka 60 baadaye. Mtu aliyeichora hakutafuta sifa. Alijiuliza tu behewa zito lililosimama linataka nini, akalipatia.

Hiki cha kwetu hakitumii umeme kupeleka nguvu kwenye magurudumu kama ile ya Waingereza. Mjomba alinieleza kwa sufuria na vifuniko viwili. Kuna chombo kimejaa oili. Ndani yake panga moja linazungushwa na injini, linaisukuma oili, na oili inalizungusha panga la pili linaloelekea kwenye magurudumu. Chuma hakishikani na chuma. Ndiyo maana unaweza kuona kichwa kimeegemea mzigo, kinaunguruma kwa nguvu zote, na magurudumu hayajasogea hata kidogo, kisha pole pole, bila kushtuka, yote yanaanza kuzunguka. Pembeni kuna fito nene za chuma zinazoyaunganisha magurudumu yawe kitu kimoja, gurudumu moja lisije likateleza peke yake wakati wa umande. Mimi hizo fito ndizo nizipendazo kuliko vyote. Zinapanda na kushuka kama viwiko vya mama anayekanda unga.

Wapo wanaosema mashine hizi zinadumu kwa sababu kazi yake ni nyepesi. Nimelisikia hilo mara nyingi na linaniuma. Kusimama na kuondoka mara mia kwa siku si kazi nyepesi kwa breki wala kwa magurudumu, tena kwenye njia za yadi zilizojaa kona kali. Na zile saa ndefu za kunguruma bila mzigo zinaichosha injini kwa namna nyingine. Injini isiyopata joto la kutosha inajaza masizi, na dizeli isiyoungua inachuruzika hadi kwenye oili na kuifanya nyepesi. Hizi zinadumu kwa sababu zilijengwa nzito, na kwa sababu kuna mafundi wanaozijua kwa mkono. Fundi wa namna hiyo anaweka kiganja kwenye bomba na kukuambia pampu ipi inaelekea kufa.

Kitu kikubwa zaidi nilichowahi kukiona kikifanywa na kichwa cha sogeza nilikiona kwenye bandari ya Mwanza South. Nilikuwa na miaka tisa. Meli ya MV Umoja ilikuwa imegeuza kisogo gatini, na sitahani mwake mlikuwa na reli, reli kabisa, zinazokutana na za nchi kavu kwenye daraja la chuma linalopanda na kushuka kufuata kina cha maji. Mjomba alinikalisha juu ya jiwe akaniambia nisishuke mpaka arudi.

Kwanza kichwa kilifungiwa mabehewa mawili matupu mbele. Nilidhani wamekosea. Kumbe yale ni ya kurefusha mkono tu: kichwa ni kizito mno kukanyaga daraja lile, basi kinabaki nchi kavu na kusukuma kwa kutumia hayo matupu. Halafu hawakuijaza njia moja mpaka mwisho. Waliweka mabehewa machache kushoto, wakarudi, wakaweka machache kulia, wakarudi tena. Wangejaza upande mmoja meli ingelala, na reli za meli zisingekutana tena na za daraja. Kila behewa lilipovuka nilikiona kisogo cha meli kinazama kiasi cha kiganja, daraja linainama nalo, na dereva, ambaye hakuona lolote kati ya hayo, anamtazama mjomba wangu tu. Mkono ukishuka, anasimama. Ukiinuka, anasogea hatua moja. Mtu mmoja mwembamba mwenye kitambaa cha kijani alikuwa anaipakia meli.

Safari za mizigo za kwenda Port Bell, Uganda, zilikuja kusimama kwa miaka mingi. Ziliporejea mwaka 2018 mjomba alikuwa ameshastaafu, na miguu yake haikumruhusu kushuka gatini. Nilishuka mimi, nikamhesabia vishindo kwa simu.

Wiki hii mlinzi mmoja alinikuta karibu na uzio nikiwa na daftari. "Dada, unaandika nini hapo?" Nikampa asome. Alisoma kurasa mbili amesimama, akanirudishia, akasema basi kaa upande wa pili wa barabara, huku si salama. Nikahama, na alikuwa sahihi.

Sasa upande wa nchi kavu inajengwa reli nyingine, kilomita 341 kutoka hapa hadi Isaka. Naitaka ije. Mwaka 2024 nilipanda treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, na sitasema uongo kwamba nilikumbuka moshi. Lakini reli hii ya zamani, iliyofika Mwanza mwaka 1928, ina upana wa milimita 1,000, na ile mpya ina 1,435. Kichwa chetu cha sogeza hakiwezi kuvuka kwenda huko hata kwa kubebwa na kuwekwa juu ya reli. Kimepungukiwa milimita 435. Kitaendelea pale pale kilipo, na behewa la mwisho la upana wake likija, lazima kiwepo cha kulipokea.

Jioni nimempigia mjomba. Nimemwamkia, nikamwambia leo imewaka kwa jaribio la tatu.

"La tatu?" Akanyamaza kidogo. "Na jana?"

"La pili."

"Betri," akasema. "Au wameiacha nje usiku na mvua ile. Kesho uniambie."

Nimetega saa ya simu saa kumi na nusu.