Weupe nyuma ya ubongo wa Idrisa

Idrisa alikuwa na miaka saba mwandiko wake ulipoharibika. Kwenye daftari la Januari herufi zimekaa mstarini. La Juni zinateremka mpaka pembeni. Mwalimu akasema amekuwa mtukutu, hasikii. Tukapima masikio, mazima. Rangi ya ngozi ilikuwa imekolea weusi, mpaka fizi, nikadhani ni jua tu.

Picha ya kwanza ya kichwa, ya CT, hawakuona kitu, tukarudishwa nyumbani. Lile bado linaniuma. Kilichotusaidia ni yale madaftari. Nilimpelekea daktari wa mishipa ya fahamu wa watoto, akayafungua kabla hata hajamgusa mtoto. Kisha akamtazama fizi, akaandika MRI, picha ya ubongo ya mashine ya sumaku, na dawa ya kuchomwa mshipani wakati wa picha. Mtoto akijitikisa picha huharibika, kwa hiyo walimlaza usingizi.

"Mama Idrisa, njoo uone huku nyuma." Kulia na kushoto palikuwa na weupe unaofanana, umeungana katikati kama kipepeo, na pembezoni dawa imeng'aa mstari mwembamba. Akanieleza kwamba nyuzi za ubongo zimevikwa ala yenye mafuta. Ugonjwa unaila ala hiyo, na panapong'aa ndipo unapoendelea kula. Ugonjwa wa Alexander, ambao nao huila ala hiyo, kwa watoto wadogo huanzia mbele. Huu wa nyuma akautaja jina palepale: adrenoleukodistrofi. Damu ikapelekwa nje ya nchi kupimwa asidi za mafuta zenye mnyororo mrefu sana, ikathibitisha. Tezi za juu ya figo nazo zilikuwa hazitoi homoni ya kutosha, ndiyo maana ya zile fizi nyeusi. Akaanzishiwa haidrokotisoni, dawa ya kufidia homoni hiyo, siku ileile.

Kupandikiza uboho husaidia ugonjwa ukiwa bado mchanga kichwani. Wa Idrisa ulikuwa umeshasambaa. Sasa haoni, ila nikiingia chumbani hugeuza kichwa.

"Una mvulana mwingine?" daktari akauliza. Hitilafu ya jeni imepitia kwangu, kwenye kromosomu ya X. Kila mtoto wa kiume ninayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Mdogo wake ana miaka minne, anakimbia, anaimba, na damu yake ikaonyesha naye ameirithi. Mzazi mwenzangu, usisubiri dalili kwa huyo wa pili.

Kila miezi sita narudi naye kwenye mashine. Wiki iliyopita ilikuwa picha ya tatu. Daktari aliiweka kando ya ile ya kaka yake, akaweka kidole palepale nyuma, na hapakuwa na weupe.