Bajeti iliyopigwa picha

Jana usiku niliingia kwenye tovuti ya halmashauri yetu kutafuta kitu kimoja tu: barabara ya mtaani kwetu imetengewa kiasi gani. Kubonyeza "Bajeti", nikapelekwa kwenye tangazo la zabuni iliyokwishafungwa. Nikahangaika weee, hatimaye nikapata faili la PDF. Kulifungua, kumbe ni karatasi zilizoskaniwa, ukurasa wa nne umekaa kichwa chini, na muhuri umeketi juu ya jumla kuu! Kutafuta neno "barabara" humo haiwezekani, maana kwa kompyuta ile ni picha tu. Nikaishia kunakili tarakimu kwa mkono, simu nimeipindua.

Mwaka 2010 Tim Berners-Lee, yule aliyebuni Wavuti, alipendekeza nyota tano za kupimia data huria, yaani data ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuisambaza. Faili kama hili, tena likiwa na leseni huria, linapata nyota moja. Jedwali la Excel mbili, na CSV, yaani jedwali la maandishi matupu linalofunguka bila kutegemea programu ya kampuni moja, tatu. Na bajeti hiyo lazima ilianzia kwenye jedwali la mtu fulani ofisini. Si wangepandisha lilelile, kabla ya kuliprinti na kuligonga muhuri?

Nimewaandikia barua pepe kuliomba. Imerudi: sanduku limejaa.