Kando ya Msikiti, Dhaka

Nilishuka metro kituo cha Shahbagh, mahali wauza maua wanapopanga mashada yao hadi ukingoni mwa lami. Barabara kubwa inayotoka hapo kwenda kaskazini inaitwa Kazi Nazrul Islam. Mimi nilielekea kusini, kwa miguu, kwenye eneo la Chuo Kikuu cha Dhaka, kwa sababu mwenye jina hilo, mshairi wa Kibengali, amelala huko, ubavuni mwa msikiti.

Aliomba mwenyewe. Katika wimbo wake mmoja aliwasihi nduguze wamzike kando ya msikiti, ili hata akiwa kaburini amsikie mwadhini. Na adhana aliijua: alizaliwa mwaka 1899 kijiji cha Churulia, baba akafariki mapema, na mtoto akawa mwadhini kijijini kabla hajaenda mji wa Asansol kufanya kazi kwenye duka la mikate. Baadaye akawa askari, kambini Karachi.

Nikamsomea Fatiha. Jirani yake amezikwa Zainul Abedin, mchoraji aliyechora watu wa njaa kuu ya 1943.

Kijana mmoja, mwanafunzi, alikuwa amekaa karibu, akiwa na daftari lake. Nilipomuuliza kuhusu shairi la Nazrul, "Bidrohi", yaani "Muasi", alianza kuighani palepale, mkono juu, bila haya. Shairi hilo lilitungwa Kolkata Desemba 1921, na kabla mwaka uliofuata haujaisha Waingereza walikuwa wamemkamata kwa shairi jingine, lililotoka katika gazeti lake, Dhumketu. Gerezani aligoma kula zaidi ya mwezi. Rabindranath Tagore, mkubwa wa washairi wote wa Kibengali, akamtabarukia tamthilia angali mfungwa.

"Sikukuu ya Idi bila wimbo wake si Idi, kaka," kijana aliniambia. Mkono huohuo wa Nazrul ulitunga pia nyimbo za kumsifu Kali, mungu wa kike wa Wahindu. Kuna wanaopenda kutaja nusu moja tu. Kwangu mimi, anayeikata nusu nyingine hajamsoma.

Lakini kilichonikaa moyoni ni ukimya wake. Mwaka 1942 ugonjwa ulimpokonya sauti na akili, akaishi hivyo miaka 34. Bangladesh ilipopata uhuru, serikali ilimleta Dhaka, Mei 1972, ikampa nyumba mtaa wa Dhanmondi na heshima zote. Hakuwa na uwezo wa kusema ndiyo wala hapana. Alipofariki Agosti 1976 alizikwa hapa kwa gwaride, kama alivyoomba, ila si karibu na mkewe. Pramila, Mhindu aliyemuoa mwaka 1924, alifariki 1962 na kaburi lake liko Churulia, ng'ambo ya mpaka, India.

Nilimuuliza yule kijana kama amewahi kufika huko.

"Viza, kaka," alijibu, akacheka, akarudi kwenye daftari lake.