Kompyuta ya gemu iliyopanda Mabatini

Huu ni mwaka wa saba niko Birmingham, na nimeshazoea meseji inayoanza na "shikamoo anko" saa tano usiku. Ile huwa si salamu, ni bili inabisha hodi. Ya safari hii ilitoka kwa mtoto wa dada yangu. Kapata divisheni wani kidato cha nne, na mimi kwa mdomo wangu mwenyewe niliwahi kuahidi kompyuta ya gemu. Kaniambatanishia na orodha aliyoitoa YouTube. Nikaijumlisha: paundi 1,400 kasoro kidogo, ikiwemo kesi (boksi la nje) ya vioo na feni saba zinazowaka taa za rangi.

Nikamwambia nina 400, yaani kama milioni moja na laki tatu.

"Anko, kwani huko hiyo si hela ya wiki?"

Ni ya wiki kweli, kama huli, hulipi pango na husafiri kwenda kazini. Nikamuuliza swali moja tu: utacheza gemu gani, kwenye skrini gani? FC ya mpira na GTA V, kwenye monita ya mtumba ya 1080, ubora wa kawaida tu. Nusu ya orodha ikafa hapo hapo. Kwenye skrini hiyo huhitaji GPU, yaani kadi ya picha, ya mamilioni. RX 6600 yenye kumbukumbu ya GB 8 inatosha na kubaki, nikaipata ya mtumba kwa paundi 120. Prosesa nikachukua Ryzen 5 5600, kora sita, paundi 70. RAM vipande viwili vya GB 8, si kimoja cha 16, kwa sababu viwili vinapiga kasia pande zote mbili na kimoja kinazungusha mtumbwi. Hiyo ilikuwa mapema 2025. Mwisho wa mwaka ule bei ya RAM ilipaa, na leo nisingethubutu.

Tuligombana kwenye pawa saplai. Kijana alitaka ya wati 850 ambayo jina lake sijawahi kuliona popote, kisa ina taa na bei chee. Nikampigia hesabu: GPU inakula wati 132, prosesa 65 na ushee, vingine tuseme 50. Hatufiki 300. Nikanunua ya 550, mpya dukani, ya kampuni inayojulikana, paundi 50. Ndicho kitu pekee ambacho sikutaka cha mtumba, pamoja na SSD, diski ya kuhifadhia. Nimekulia Mabatini, mtaa wa mlimani Mwanza, najua umeme wetu ukirudi baada ya kukatika unavyorudi kwa hasira. Pawa saplai mbovu haifi peke yake, inaondoka na jirani zake.

Mazabodi, bao ambalo vyote vinachomekwa, ya B450, nayo mtumba. Jumapili moja nikaunganisha kila kitu juu ya boksi, kitandani. Feni zinazunguka, skrini nyeusi kama tako la chungu. Saa mbili nzima nilimlaani aliyeniuzia prosesa, kumbe namwonea. Mazabodi za B450 zilitoka 2018, prosesa ile ni ya 2022. BIOS, programu ya kuiwasha mazabodi, iliyokuwa ndani ilikuwa ya zamani, haimtambui mgeni. Pona yangu ni kwamba nyuma kulikuwa na kitufe cha kuisasisha kwa fleshi. Taa yake ndogo ikapepesa dakika kadhaa, mimi nimebana pumzi, maana umeme ukikatika katikati ya kazi ile unaweza kubaki na kibao cha kukatia vitunguu. Ndiyo maana nawaambia wenzangu wa huku: mtumba ujaribie huku huku, usiufungue mara ya kwanza mbele ya ndugu.

Kabla sijasafiri nikamshushia gemu zote kwenye SSD kwa intaneti yangu. GTA V peke yake inazidi GB 100. Kwa bando la simu, mtoto angemaliza ada ya shule.

Kesi na monita hatukubeba. Tulinunua mitumba mjini Mwanza, na bodaboda ikatufikisha chini ya mlima tu. Kutoka pale ni ngazi na mawe. Mtoto mbele na kesi kichwani, mimi nyuma na monita kifuani, nahema kama mzee. Majirani wakatuuliza kama tunahamia.

Sebuleni ndugu walishajaa. Tukafunga, tukachomeka, nikabonyeza. Kimya. Hata feni haikugeuka. Nikabonyeza tena. Dada akasema taratibu, "Mdogo wangu, pole, labda imeumia ndegeni." Nikatoa waya, nikarudisha, jasho linanitoka. Nimeshafungua skrubu mbili za ubavuni ndipo nikaona waya umeingia wapi: frijigadi. Kijana alitaka kuilinda na umeme, akaitoa friji akachomeka kompyuta. Na frijigadi umeme ukiingia husubiri dakika kadhaa kabla ya kuuruhusu upite, ili kompresa ya friji ipumue. Kila nilipochomoa na kuchomeka, ilikuwa inaanza kuhesabu upya.

Tukaiacha. Tukakaa tunatazama taa ya njano kama watu wanaosubiri mwezi wa Idi. Ikageuka kijani, nikabonyeza, sebule ikapiga kelele.

Kilichonipita ni luku. Nyumba ya dada iko kwenye ile bei ya chini ya wasiozidi yuniti 75 kwa mwezi. Kompyuta na monita vikila wati 250, saa nne za gemu ni yuniti nzima. Mwezi wa kwanza akanitumia picha ya risiti ya luku bila neno lolote, wala salamu.

Nikajibu, "Shikamoo dada."

Akaandika, "Marahaba. Ya umeme utakuwa unaituma tarehe ngapi?"