Kuponi zilinisaidia nilipoacha kufuata ushauri wa wifi

Nilipofika Columbus, Ohio, huku Marekani, wifi yangu aliniambia kuhusu kuponi, zile karatasi za kupunguziwa bei: "Wifi, ukiona kitu kina kuponi chukua tu, hicho ni kama cha bure." Nilimsikiliza miezi miwili. Kabati likajaa supu za kopo ambazo wanangu hawakuzigusa, na pesa ya chakula ikakata kabla ya tarehe 20. Inaniudhi kwamba mpaka leo wageni wanapewa ushauri uleule.

Sasa naanza na orodha ya nyumbani: sabuni ya kufulia, dawa ya meno, pampasi, mafuta. Kuponi nikiipata siikimbilii, naihifadhi mpaka kitu chenyewe kishushwe bei. Na kuponi ya mtengenezaji, yaani ya kampuni inayotengeneza bidhaa, si sawa na ya duka. Maduka mengi yanapokea zote mbili kwa bidhaa moja. Shampoo ya karibu dola 6 ilishuka hadi 4. Ya mtengenezaji ikatoa dola 1.50, ya duka dola 1, na risiti niliyoipiga picha kwenye Ibotta, programu ya simu inayorudisha sehemu ya pesa ya manunuzi, ikanirudishia senti 75. Chupa nzima kwa senti 75! Niliisimamisha mezani mume wangu aione.

Lakini dawa ya meno ilinitoa jasho. Nilikuwa na kuponi tatu na boksi tatu, foleni ndefu nyuma yangu, na mashine ikazikataa zote. Keshia hakujua sababu. Nikalipa bei kamili kwa aibu. Usiku nikaiweka kuponi chini ya taa, boksi pembeni. Kwa herufi ndogo kama sisimizi iliandikwa: aunsi 3 au zaidi. Boksi langu lilikuwa la aunsi 2.7. Kesho yake asubuhi nikayarudisha yote matatu na risiti, nikachukua ya aunsi 4.6, kuponi zikapita bila neno. Tangu hapo kitu hakiingii kwenye toroli kabla sijasoma aunsi zake.

Risiti ipige picha ukiwa bado kwenye maegesho, maana maandishi yake hufifia. Ibotta hukuruhusu kutoa pesa zikifika dola 20, ila mimi naziacha zikue. Desemba nilitoa 40 na ushee, zikalipia boksi la pampasi na mfuko mkubwa wa mchele.